Kumfundisha Mtoto Kuandika kwa Msaada wa Simu Janja na Kishikwambi

Masjala ya Halmashauri hupokea barua za wananchi kila siku ya kazi. Miongoni mwake zimo zilizoandikwa kwa adabu zote: mwandishi ametoa salamu, ameeleza kuwa yeye ni mkazi wa kata, ameomba msaada wa haraka na kushukuru mapema. Hata hivyo hakutaja kisima kilichoharibika ni kipi, kiko kitongoji gani, wala kimeharibika tangu lini. Barua ya namna hiyo huhama kutoka meza moja kwenda nyingine, mwandishi hutafutwa kwa simu isiyopatikana, na wakati huo wote akina mama wanaendelea kuchota maji mbali. Ombi lilikuwa la haki kabisa, ila maandishi hayakulibeba.

Upungufu huu una chanzo chake darasani. Wengi wetu tulifundishwa insha kama kitu kinachozaliwa kikiwa kimekamilika: mwalimu anaandika kichwa ubaoni, kipindi kinakwisha, madaftari yanakusanywa, yanarudi yakiwa na alama za kalamu nyekundu, kisha ukurasa unafunguliwa mwingine. Hapakuwa na nafasi ya kuirudia kazi ileile ili iwe bora. Mtoto aliyepata alama 4 kati ya 10 alijifunza kwamba yeye hajui kuandika, na aliyepata 8 alijifunza kwamba amemaliza.

Makala haya yanaeleza namna wazazi, walezi na walimu wanavyoweza kutumia vifaa ambavyo tayari vipo majumbani na shuleni kumwongoza mtoto katika hatua za uandishi. Hayamhusu mwenye kompyuta pekee. Simu janja moja ya familia inatosha kuanzia, na walimu wengi wana vishikwambi, vikiwemo vile vilivyogawiwa baada ya kutumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022.

Hatua za uandishi

Katika darasa la kwanza na la pili mkazo ni stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK. Kuandika kwa maana hiyo ni kuumba herufi, kuunganisha silabi na kunukuu sentensi kwa hati inayosomeka. Msingi huo hauna mbadala. Lakini mtoto akishajua kuumba herufi, kazi nyingine huanza, nayo ni kuwaza jambo, kulipanga na kulifikisha kwa mtu ambaye hakuwepo. Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani, Donald Graves, alichapisha kitabu kuhusu namna watoto wadogo wanavyoandika. Alisisitiza kwamba hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kufanya kazi kama mwandishi wa kweli: achague jambo analolijua, aandike rasimu, azungumze na msomaji wake, airudie rasimu, aihariri, kisha aitoe isomwe. Hatua hizi hazifuatani kama vituo vya basi. Mwandishi akiwa katikati ya kuhariri huweza kugundua kwamba amesahau jambo kubwa, akarudi mwanzo.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la tano aliyepewa kichwa cha insha "Kisima Chetu". Rasimu yake ya kwanza inaweza kuwa hivi: "Kisima chetu ni kizuri. Kisima chetu kina maji. Watu wanachota maji. Mimi ninapenda kisima chetu." Tahajia haina kosa, na alama za nukta zipo mahali pake. Mwalimu mwenye madaftari 80 ya kusahihisha ataweka vema na kusonga mbele. Hata hivyo insha hii haimwambii msomaji chochote ambacho hakukijua kabla ya kuisoma.

Sasa msomaji amuulize mtoto maswali mawili tu: ni nani hufika kisimani wa kwanza, na maji hupungua mwezi gani? Rasimu ya pili huanza kubadilika: "Mwezi wa tisa maji hushuka mpaka kamba yetu haifiki. Hapo mama huifunga na kamba ya jirani, na tunachota kwa zamu. Asiyekuwa na kamba husubiri jua lichomoze." Mtoto ni yuleyule, na maarifa yote haya alikuwa nayo tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni swali na nafasi ya kurudia. Mtoto aliyezoea kujibu "lini", "wapi" na "nani" katika insha yake ndiye kesho ataandika barua ya kisima ambayo itafanyiwa kazi siku hiyohiyo.

Simu na kishikwambi huifanya nafasi hiyo ya kurudia kuwa nyepesi. Katika daftari, kuongeza sentensi katikati ya ukurasa ni kufuta, kuchafua, au kunakili insha yote upya, adhabu ambayo mtoto yeyote ataikwepa kwa kusema insha yake imekwisha. Kwenye kioo, sentensi huingizwa mahali inapotakiwa na nyingine husogea zenyewe.

Kuanzia kwenye sauti

Watoto wetu wamelelewa katika masimulizi. Anayeduwaa mbele ya karatasi tupu ndiye huyohuyo anayesimulia bila kukatika jinsi mbuzi wa jirani walivyoingia shambani. Kila simu janja ina kinasa sauti. Mwombe mtoto asimulie jambo kwa dakika mbili, kisha asikilize sauti yake na kuandika kwenye daftari maneno machache ya kumkumbusha: nani, wapi, nini kilitangulia, nini kilifuata. Huo ndio mpango wa insha, na haukuhitaji intaneti wala salio.

Ipo pia huduma ya kubadili sauti kuwa maandishi. Google iliongeza Kiswahili katika huduma hiyo mwaka 2017, na hupatikana kwa kubonyeza alama ya kipaza sauti kwenye kibodi ya simu nyingi za Android. Mtoto anasema, maneno yanajitokeza. Huduma hii hukosea: huyasikia vibaya majina ya vijiji na mara nyingi huacha nukta na mikato. Mwalimu mwerevu atayageuza makosa hayo kuwa somo, maana mtoto hufurahi sana kuisahihisha mashine. Tahadhari ni kwamba maneno yaliyosemwa ni malighafi tu. Mtoto akiyaacha yalivyo atakuwa ameongea, hajaandika.

Kuhusu rasimu yenyewe, ushauri wetu huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji. Kwa mtoto mwenye simu ya kioo kidogo, ni afadhali rasimu ya kwanza iandikwe kwa kalamu daftarini. Kibodi ya simu ni finyu, mtoto hutafuta herufi moja baada ya nyingine na wazo humtoka kabla hajalifikia. Aidha mitihani ya taifa ya shule ya msingi hufanywa kwa kalamu, na mkono usiozoea kalamu huchoka katikati ya karatasi. Daftari likijaa, ukurasa upigwe picha au uchapwe na mtu mzima, kisha kazi ya kuurekebisha ianze. Penye kishikwambi au kompyuta hali ni tofauti. Hapo mtoto anaweza kuchapa tangu mwanzo.

Kupitia rasimu pamoja na msomaji

Hapa ndipo nyenzo za mtandaoni zinapokuwa na manufaa makubwa zaidi. Programu ya Google Docs ni ya bure na hufunguka kwenye simu, kishikwambi na kompyuta. Inayo mambo mawili ambayo daftari haina. La kwanza ni kumbukumbu ya matoleo: mtu anaweza kurudi nyuma na kuona rasimu ilivyokuwa jana au wiki iliyopita, na kuirejesha akitaka. Mtoto anayeogopa kufuta sentensi kwa kuwa "itapotea" huacha kuogopa. Mwalimu naye huona kazi ilivyokua, na anaweza kumpa mtoto alama kwa juhudi ya kuboresha pamoja na matokeo ya mwisho. La pili ni maoni ya pembeni. Shangazi anayeishi mkoa mwingine akitumiwa kiungo anaweza kuifungua rasimu ileile, kugusa sentensi moja na kuandika kando yake: "Hapa sijaelewa, ulikuwa nyumbani au shambani?" Maandishi ya mtoto hayaguswi, jukumu la kurekebisha hubaki kwake.

Familia isiyotumia programu hiyo inaweza kufanya jambo lilelile kwa WhatsApp. Mzazi anapiga picha ya ukurasa, anaituma kwa mjomba au binamu anayeaminika, na yule anajibu kwa ujumbe wa sauti. Kinachohitajika ni msomaji mmoja anayesoma kwa nia ya kuelewa.

Mzazi asiyejua kusoma asidhani kwamba jambo hili limempita. Mtoto asome insha yake kwa sauti mbele ya bibi au babu. Msikilizaji asiyeuona ukurasa ndiye hugundua upesi kuliko wote mahali ambapo hadithi imeruka, kwa sababu hana maandishi ya kumsaidia kukisia. Akiuliza, "Sasa huyo mtu alitoka wapi?" tayari amefanya kazi ya mhariri. Tunashauri tu kwamba katika hatua hii asiwepo mtu wa kumkatiza mtoto kwa makosa ya herufi. Kumwambia mtoto ameandika "hitaji" vibaya wakati bado anatafuta cha kusema ni sawa na kupaka rangi ukuta ambao haujafika kwenye linta.

Kuhariri na tatizo la mstari mwekundu

Zamu ya herufi, nukta na mikato hufika baadaye, na hapo kifaa huweza kupotosha. Simu au kompyuta iliyowekewa Kiingereza huchora mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, na mtoto huamini kwamba amekosea yote. Vibaya zaidi ni pale simu inapobadili maneno yenyewe, "kama" likawa neno la Kiingereza lisilohusika, na mtoto asitambue. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya lugha na kibodi, kuongeza Kiswahili na kuzima usahihishaji wa kujiendesha. Kazi hiyo haizidi dakika tano.

Hata kikiwekwa Kiswahili, kikagua tahajia hakitoshi. Lugha yetu hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja: "tulipomwandikia" lina mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Hakuna orodha ya maneno inayoweza kuwa na maumbo yote ya namna hiyo, hivyo mashine hulitilia shaka neno lililo sahihi na huliacha neno sahihi lililotumika pasipo mahali pake. Mtoto afundishwe kwamba mstari mwekundu ni swali analoulizwa, na jibu analipata katika kamusi au kwa mwalimu.

Kwa shule zenye kompyuta zisizo na intaneti, programu ya LibreOffice ni ya bure na hufanya kazi ikiwa imesakinishwa mara moja. Wachache wanakumbuka kwamba nchi yetu iliwahi kutangulia katika eneo hili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kutoka kizazi kilekile cha programu kilichozaa LibreOffice.

Kusomwa na wengine

Mtoto anayejua kwamba kazi yake itasomwa na watu zaidi ya mwalimu huandika kwa uangalifu mwingine. Tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kufunguliwa mwaka 2014, ina hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Msomaji anaweza kusoma, kupakua, kutafsiri, kurekebisha hadithi iliyopo au kutunga mpya kwa kutumia michoro iliyomo. StoryWeaver ya shirika la Pratham Books la India, iliyoanza mwaka 2015, hufanya kazi kwa namna inayofanana. Zoezi zuri kwa mtoto wa darasa la nne au la tano ni kuchukua hadithi ya Kiswahili na kuisimulia katika lugha ya nyumbani, au kuchukua michoro ya hadithi moja na kuitungia maneno mengine kabisa. Vitabu vya kiada navyo vinapatikana kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mtoto asiyesoma hawezi kutarajiwa kuandika.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha, mzazi afahamu jambo moja. Hadithi zinazotolewa katika tovuti hizi huwekwa chini ya leseni huria, yaani mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuzinakili na kuzibadili mradi amtaje mtunzi. Ikishatoka imetoka. Kwa hiyo insha inayotaja ugonjwa wa mtu, ugomvi wa nyumbani, jina kamili la mtoto, shule yake au njia anayopita kwenda kisimani isipelekwe huko. Isomwe nyumbani, ibandikwe kwenye ukuta wa darasa, au ishonwe pamoja na insha za wenzake kiwe kijitabu cha darasa. Kijitabu hicho chenye jalada la boksi ni uchapishaji kamili, na hakina mtu wa nje wa kukiogopa.

Kuhusu akili unde

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, walimu wamekuwa wakipokea insha zisizo na kosa hata moja na zisizo na mtoto ndani yake. Mtu anaandika kichwa, mashine inatoa aya tano. Insha ya kisima ya namna hiyo itasema maji ni uhai, kisima ni muhimu kwa jamii na tukitunze kwa vizazi vijavyo. Haitasema lolote kuhusu kamba ya jirani.

Msimamo wetu ni kwamba mtoto wa shule ya msingi asiandikiwe na mashine, kwa sababu hatua zote tulizozieleza hapo juu huruka kwa pamoja na hakuna anachobaki nacho. Zaidi ya hayo, masharti ya ChatGPT yenyewe hayaruhusu mtumiaji wa chini ya miaka 13. Mzazi au mwalimu anayetaka kuitumia aishike yeye, na aiombe maswali badala ya majibu: "Mtoto ameandika sentensi hizi nne, msomaji angetaka kujua nini zaidi?" Maswali atakayopata yanaweza kuwa mazuri. Atayachuja, kisha atamsomea mtoto mawili. Mwalimu anayeshuku kwamba insha si ya mwanafunzi asikimbilie kuadhibu. Aombe kuiona rasimu ya kwanza. Mtoto aliyezoeshwa kutunza rasimu zake ataitoa mara moja.

Gharama na usalama

Maandishi ni mepesi. Insha ya ukurasa mmoja ina ukubwa wa kilobaiti chache, ilhali saa moja ya kutazama video humaliza megabaiti mamia. Kinachokula kifurushi cha familia kwa kawaida si kazi ya shule, ni kile kinachofunguliwa baada yake. Mzazi anaweza kupakua hadithi kadhaa siku yenye mtandao mzuri, akazima data, kisha akamkabidhi mtoto simu. Google Docs nayo ina sehemu ya kuruhusu kazi iendelee bila mtandao. Mabadiliko hupelekwa simu inapounganishwa tena.

Akaunti zote ziwe za mzazi au mlezi. Google haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti mwenyewe, na kudanganya mwaka wa kuzaliwa ili mashine ikubali humwondolea mtoto kinga zilizowekwa kwa ajili yake. Nywila isiandikwe nyuma ya daftari. Kiungo cha rasimu kitumwe kwa watu wanaojulikana kwa majina, kisiwekwe kwenye kundi la wazazi lenye namba ambazo hakuna anayezifahamu. Walimu wanakumbushwa kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia majina na picha za wanafunzi. Picha ya mtoto ameshika insha yake isipelekwe mtandaoni bila ridhaa ya mzazi. Mtoto akitumiwa ujumbe wa kumtisha au wa kumtaka siri, mzazi asiufute. Autunze kama ushahidi, atoe taarifa polisi katika Dawati la Jinsia na Watoto, au apige simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo haitozwi.

Mahali pa kupata msaada

Mzazi anayetaka kuwekewa kibodi ya Kiswahili au kuonyeshwa jinsi ya kufungua rasimu ya pamoja aonane na mwalimu wa Kiswahili wa shule ya mtoto wake, au afike kwa Afisa Elimu Kata saa za kazi akiwa na simu yake mwenyewe na nywila yake anaikumbuka. Shule yenye kompyuta zilizokaa bila kutumika kwa kukosa programu imjulishe Afisa Elimu Kata kwa maandishi, ikitaja idadi ya kompyuta, aina yake, zilipokelewa mwaka gani na kama chumba kina umeme.